Mzee Asianguke, Lakini Pia Asikalishwe Tu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali tunayokutana nayo sana sisi tunaofanya mazoezi ya viungo na wazee, hospitali na majumbani. Mengi yanatoka kwa watoto na wajukuu, machache yanatoka kwa wazee wenyewe, na hayo ndo huwa makali zaidi. Majibu hayalingani urefu, kuna swali linaisha kwa mistari miwili na lingine lina mambo.

Kwani kuanguka si uzee tu? Babu ana 78, tutegemee nini?

Hapana bwana, uzee peke yake hauangushi mtu. Kinachoangusha ni vitu kupandana: mapaja yamelegea, jicho moja halioni vizuri, dawa nne kwa siku, halafu juu yake sakafu ina maji ya sabuni na ndala imeisha soli. Ukitoa kimoja au viwili hapo mara nyingi stori inabadilika kabisa. Ni kweli ni jambo la kawaida, karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye miaka 65 kwenda juu anaanguka angalau mara moja kwa mwaka, ila kawaida sio sawa na lazima. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo ni kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani huku kwetu, sio Ulaya kwenye barafu kama watu wanavyodhani.

Na lile la msibani, "alikuwa mzima kabisa kaanguka tu bafuni, katupiwa kitu", tuliache. Ukikaa na familia ukauliza taratibu unakuta alishaanguka mara mbili kabla, alikuwa analalamika kizunguzungu, na bafu lenyewe hata kijana anaingia kwa kujishika ukutani.

Nitajuaje kama mama yuko kwenye hatari?

Muulize mambo matatu. Umeanguka mwaka huu uliopita? Unajisikia kuyumba ukisimama au ukitembea? Unaogopa kuanguka? Jibu la ndiyo hata kwa moja tu linatosha kuanza kuchukua hatua. Ila ujue wazee wanaficha, hasa akihisi jibu lake litafanya anyang'anywe funguo za nyumba, kwa hiyo usimuulize kama polisi, muulize mkiwa mnachambua mchicha.

Halafu mwangalie. Mwambie ainuke kwenye kiti mikono ikiwa imekunjwa kifuani, akishindwa kuinuka bila kusukuma kwa mikono basi mapaja yamechoka. Kipimo kingine tunachotumia sana: aanze akiwa amekaa, ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae, wewe hesabu kwa simu. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Kaa karibu naye wakati wa kupima, isije ikawa kipimo ndo kimemwangusha. Na vitu vingine utaviona bila saa: anatembea akishika makochi na ukuta, akiongea akiwa anatembea anasimama kwanza, ameacha kwenda kanisani au msikitini bila sababu anayoweza kuieleza.

Kaanguka mara moja tu, hakuumia, kuna haja ya kwenda hospitali?

Ipo. Sio lazima leo leo mbio mbio kama yuko sawa, ila aonwe, maana aliyeanguka mara moja yuko kwenye nafasi kubwa ya kuanguka tena. Swali la muhimu zaidi ambalo daktari atauliza, na ninyi mlijue kabla hamjaenda, ni hili: kabla ya kuanguka alikuwa anafanya nini? Kujikwaa kwenye zulia ni jambo moja. Kusimama ghafla kutoka kitandani giza likaja machoni ni jambo lingine. Na kujikuta uko chini bila kukumbuka umefikaje ni jambo la tatu kabisa, hilo linaweza kuwa moyo na halisubiri wiki ijayo.

Alafu mzee ambaye alikuwa vizuri, ghafla ndani ya siku chache anaanguka anguka na anaongea vitu havieleweki, hapo kuna ugonjwa. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari kushuka, kiharusi. Wazee wengi hawatoi homa kama watoto, kuanguka ndo inakuwa dalili yenyewe.

Tulimtoa mama kijijini tukamleta mjini, ana dada wa kazi, hagusi kitu, anakula vizuri. Mbona ndo anazidi kudhoofika?

Hili swali ndo lenyewe, na ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye kila mlango wa nyumba yenye mzee.

Fikiria alivyokuwa kijijini. Anaamka, anafagia uwanja akiwa ameinama, anachota maji hata kama ni ndoo ndogo, anainuka kwenye kigoda mara ishirini, anaenda kwa jirani kutembelea mgonjwa, anarudi na kuni. Hayo yote ni mazoezi, bila mtu kuyaita hivyo. Sasa kaja mjini: kochi laini linalommeza mpaka magoti yako juu kuliko kiuno, tivii, chai inaletwa, maji ya kunawa yanaletwa, akinyanyuka tu "mama kaa, mama utaanguka, mama acha dada atafanya". Misuli haijui kwamba mnampenda. Isipotumika inaisha, na kwa mtu wa miaka 70 inaisha haraka kuliko kwako, wiki chache tu za kukaa zinaonekana. Miezi sita baadaye anaenda chooni peke yake usiku, miguu haina kitu, anaanguka, na nyie mnasema tulijua tu ataanguka.

Heshima yetu kwa wazee ni nzuri lakini hapa inatuponza. Mtu mzima hafanyi kazi, watoto wapo. Sawa, asifanye kazi ya kumchosha, ila mwachie vitu vyake: achambue mchele, anyweshe maua, akunje nguo, aende dukani kununua chumvi hata kama anatumia nusu saa. Mwache apike siku anayotaka. Akitaka kuinuka msikimbilie kumvuta mkono, subirini kwanza muone kama anaweza. Kazi ya anayemhudumia ni kuwa karibu, sio kumfanyia. Na mumuulize yeye anataka nini. Utashangaa, unakuta mtu hataki mashine wala vitamini, anataka tu aweze kwenda chooni peke yake bila kusubiri mtu, basi hapo mnajua mnafanyia mazoezi kitu gani.

Mazoezi gani sasa? Hatuna jimu na hatatoka kukimbia.

Jimu haihitajiki. Tafiti zaidi ya mia moja zilizojumlishwa pamoja mwaka 2019 zilionyesha mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu za miguu yanapunguza kuanguka kwa karibu robo, hamna dawa inayofanya hivyo. New Zealand, chuo cha Otago, walitengeneza mazoezi ya nyumbani kwa ajili ya wazee wa miaka 80 na zaidi miaka ya 90, na ni vitu vya kawaida kabisa, kusimama, kuinua visigino, kutembea kinyumenyume ukiwa umeshika meza.

Anza na kiti. Kiti kigumu chenye mgongo, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Akae mbele ya kiti, miguu iwe chini ya magoti, ainame kidogo pua ipite vidole vya miguu, ainuke, akae taratibu bila kujitupa. Mara tano akiweza, apande mpaka kumi, apumzike, arudie. Kwenye kukaa taratibu ndo kwenye utamu, wengi wanajiangusha puu. Kama kiti cha plastiki ndo mlicho nacho, pandanisha viwili, vinakuwa juu kidogo na miguu ya viti haitanuki kwenye tailizi.

Halafu ashike sinki au meza nzito, ainue visigino asimame kwa vidole, ashushe. Atembee kiupande upande kufuata ukuta. Asimame mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kikigusa vidole, ahesabu kumi, mikono iko juu ya meza haijashika lakini iko tayari. Lazima iwe ngumu kidogo, lazima ayumbe kidogo, bila hivyo mwili haujifunzi. Lengo ni kama masaa matatu kwa wiki ukijumlisha vipande vipande vyote, na asiache baada ya mwezi, faida inaondoka ukiacha.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa kichwa, lakini kwa mtu ambaye tayari anayumba, kutembea peke yake hakutoshi. Anza na kiti kwanza.

Baba anaswali, kuinuka kwenye sujudu siku hizi ni shida. Aache aswalie kwenye kiti?

Kama hawezi, kiti kinaruhusiwa, na hilo sheikh wenu atawaeleza vizuri kuliko mimi. Ila kwa upande wa mwili nasema hivi, msimkimbize kwenye kiti. Kwenda chini na kuinuka mara nyingi kwa siku ni zoezi zuri sana la nyonga na magoti, na mtu anayejua kuinuka kutoka chini siku akianguka anaweza kujiinua. Mnaweza kumwekea stuli nzito pembeni ya mswala ajisukumie wakati wa kuinuka. Asiinuke kwa haraka kufuata kasi ya imamu kijana. Na kitu ambacho watu wanasahau ni udhu: miguu imeloa, anakanyaga tailizi kuelekea ndani, hapo ndo wanapoanguka. Taulo ya miguu iwe mlangoni, afute akiwa amekaa.

Anatumia dawa za presha. Zinahusika?

Zinaweza. Mpime hivi kama mna mashine ya presha nyumbani: alale dakika tano, pima. Asimame, pima baada ya dakika moja, na tena ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hapo presha inaporomoka akisimama na ndo kile kizunguzungu cha asubuhi. Andika namba zote mpeleke kwa daktari, zitamsaidia kuliko kumwambia "anasikia vibaya". Wakati mnasubiri: akiamka akae pembeni ya kitanda kwanza, acheze vidole na vifundo vya miguu, ahesabu mpaka thelathini, ndo asimame. Anywe maji ya kutosha, kuna wazee wanajinyima maji makusudi ili wasiende chooni.

Ila naomba, ASIACHE dawa ya presha mwenyewe. Kiharusi kinaangusha vibaya zaidi.

Presha sio dawa pekee ya kuangalia. Diazepamu na dawa nyingine za usingizi ziko juu kabisa kwenye orodha, amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva) pia, na Piriton ile ya mafua ambayo watu wananunua kama pipi inawalevya wazee mpaka asubuhi. Lasix, ile ya kutoa maji mwilini, ikinywewa jioni inamaanisha safari za chooni usiku kucha, muulize daktari kama inywewe asubuhi. Glibenklamidi ya sukari kwa mzee asiyekula vizuri inaweza kushusha sukari mpaka adondoke. Baadhi ya dawa za tezi dume zinashusha presha akisimama. Na mimi binafsi naona tatizo kubwa kuliko dawa moja moja ni ule mfuko wa rambo: dawa za kliniki ya presha, za kliniki ya sukari, za duka la dawa, alizopewa na dada yake aliyepona goti, na za mitishamba, na hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kuziona zote pamoja. Beba mfuko mzima siku ya kliniki, mwaga mezani kwa daktari, uliza ipi inaweza kupungua.

Bafu na choo tufanyeje? Hatuna hela ya kujenga upya.

Hapa kuna vitu vya bei ndogo vinavyofanya kazi kubwa. Kwanza maji. Ndoo ya kuogea iwe juu ya stuli asiiname, na yeye aoge amekaa kwenye kiti kigumu. Sabuni iwe kwenye kamba au kwenye soksi asiifukuze sakafuni. Tailizi zinazoteleza zikiloa (fundi alisema ni nzuri, kila mtu aliambiwa ni nzuri) weka mkeka wa mpira wenye vinyonyeo chini, sio kitambaa cha kawaida, kitambaa kwenye tailizi kinateleza na yeye juu yake.

Pili, kishikio. Nyumba moja niliingia wameshaambiwa waweke kishikio, na kweli kipo, kinang'aa, pembeni ya choo. Nikakivuta kikanijia mkononi na plasta zake. Kilikuwa ni kile cha kutundikia taulo, skrubu mbili fupi na vifuko vya plastiki. Bibi alikuwa ameshakizoea kukigusa gusa, siku angekitegemea kwa uzito wote ingekuwa habari nyingine. Kwa hiyo tumieni bomba la chuma la inchi moja au moja na robo, fundi wa kuchomelea alikunje, aweke sahani za chuma mwisho wenye matundu, bolti ndefu zinazoingia kwenye tofali lenyewe, na kama tofali lina uwazi ndani, bolti ipite ukuta mzima itokee upande wa pili. Kabla ya kupima urefu mwite mzee, mkae naye chooni kabisa na nguo zake, muone mkono wake unaenda wapi akiwa anainuka, weka hapo. Fundi akimaliza, mtu mzima mwenye kilo 80 ajining'inize. Kisipotingishika ndo mmlipe.

Choo cha kuchuchumaa ni kizuri kwa misuli ya anayekiweza, kwa asiyekiweza ni mtego. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao kizito chenye tundu katikati, unakiweka juu ya choo. Viti vya plastiki vilivyokatwa tundu naviona sana, vinapasuka, sivipendi. Choo kikiwa nje ya nyumba, tengenezeni njia: sawazisheni, ondoeni mawe, wekeni kamba imara au bomba la kushika kutoka mlangoni mpaka chooni, hasa kwa ajili ya masika udongo ukiwa utelezi.

Na mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndo unakuwa komeo.

Anaanguka usiku tu, mchana yuko sawa.

Basi tafuta tatizo kati ya kitanda na choo. Ni hatua chache hizo. Chandarua kinachoburuza chini kinanasa mguu, kichomekwe chini ya godoro na upande mmoja tu uwe wa kutokea. Kitanda kisiwe juu mpaka miguu inaning'inia wala chini mpaka anachomoka kama kwenye shimo, akikaa nyayo zote ziguse sakafu. Waya wa ekstensheni, viatu vya wajukuu, gari la kuchezea, kuku aliyelala mlangoni, vyote hivyo vinahama kabla ya kulala. Taa ndogo ya sola ya kuchajiwa iwake usiku kucha kwenye korido, umeme ukikatika hiyo ipo, koroboi na mshumaa hapana. Tochi iwe na kamba ya kuvaa shingoni, ile ya simu inamwachia mkono mmoja tu na anaitafuta kwanza chini ya mto.

Na ndoo yenye mfuniko au kopo la mkojo chumbani sio aibu. Wengi wanakataa mwanzoni, msilazimishe, wekeni tu ipo, mvua ikinyesha siku moja ataitumia. Mkojo wa mara kwa mara usiku wenyewe pia upimwe, inaweza kuwa sukari au tezi dume.

Macho?

Yapimwe kila mwaka. Mtoto wa jicho unaondolewa kwa upasuaji mfupi, na kutoa wa jicho la kwanza kunapunguza kuanguka, hili limethibitishwa. Hospitali nyingi za mikoa zina kitengo cha macho, Dar kuna hospitali ya CCBRT pia, na kambi za macho zikija wilayani mpelekeni msingoje. Miwani yenye lenzi mbili, ya kusomea chini na ya mbali juu, inadanganya kwenye ngazi maana akiangalia chini anaona ukungu. Ya kushukia ngazi iwe ya mbali tu. Pakeni pia mstari wa rangi nyeupe au ya njano kwenye ukingo wa kila ngazi, kopo dogo la rangi linatosha nyumba nzima.

Viatu gani avae? Anapenda ndala.

Ndala zinamlazimisha kushikilia kwa vidole na kuburuza mguu. Kiatu kinachoshika kisigino, soli nyembamba kiasi isiyoteleza, kisichobana. Sendozi zenye mkanda wa nyuma zinafaa na joto letu. Kutembea na soksi kwenye tailizi ni hapana. Mwenye sukari asitembee peku hata ndani, miguu ikifa ganzi hajui amekanyaga nini. Kanga na vitenge vifungwe juu ya kifundo cha mguu, na kanzu ikatwe kidogo.

Baba hataki fimbo, anasema ataonekana mzee.

Ana 81 lakini sawa, namwelewa. Mpeni ya heshima, kuna mikongojo mizuri ya mpingo, akiishika anaonekana mwenyekiti. Muhimu ni kipimo: asimame amevaa viatu, mikono imening'inia, juu ya fimbo iwe usawa wa mkunjo wa kiganja. Ndefu sana inamsukuma bega, fupi inamwinamisha. Chini iwe na mpira, ukiisha fundi viatu anakata wa tairi. Na aishike mkono wa upande MZIMA, mguu unaouma ukiwa kulia fimbo iko kushoto, vinaenda pamoja mbele. Watu karibu wote wanashika kinyume. Akihitaji kushika kwa mikono miwili ndo atembee, fimbo haimtoshi, muoneni fisio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) mpate fremu ya kutembelea.

Maziwa, vitamini, vidonge vya mifupa?

Ale protini kila mlo: mayai, maharage, dagaa, samaki, maziwa. Wazee wengi wanaishia chai na mkate, misuli itatoka wapi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalisiamu nzuri na bei yake inajulikana. Vidonge vya vitamini D kwa mtu asiye na upungufu havizuii kuanguka, na dozi kubwa ya mara moja kwa mwaka ilipojaribiwa waliokunywa walianguka zaidi. Msinunue kwa sababu ya tangazo.

Pombe kidogo anaruhusiwa?

Mzee wa Kilimanjaro kumwambia aache mbege kabisa ni vita. Ila ajue mwili wa uzeeni unalewa kwa kiasi kidogo, na pombe juu ya dawa ya usingizi au ya sukari ni hatari. Kama atakunywa, mtu amsindikize kurudi, na sio gongo.

Kaanguka sasa hivi, yuko chini. Tufanye nini?

Msimnyanyue! Najua ndo kitu cha kwanza mnachotaka kufanya, wawili kwapani moja mbili tatu, acheni. Mwacheni apumue, muulizeni wapi panauma, anaweza kusogeza miguu yote?

Mguu mmoja ukionekana mfupi, unyayo umegeukia nje, maumivu ya kinena na hawezi kuukanyaga, hiyo ni nyonga mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mlazeni, mfunikeni, tafuteni gari atakalolala, sio bodaboda katikati ya watu wawili. Akiwa amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, nendeni hospitali hata kama anacheka. Wengine wote waliogonga kichwa waangaliwe wiki kadhaa, maana damu inaweza kuvuja taratibu: kichwa kinauma kinazidi, usingizi usio wa kawaida, kutapika, kuchanganyikiwa, upande mmoja kulegea.

Hana dalili hizo? Basi ajiinue yeye nyie mkimwelekeza. Ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko, apige magoti na mikono, atambae mpaka kwenye kiti kigumu mlichomletea, aweke mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu utangulie mbele, asukume, mtu wa pili asogeze kiti kingine nyuma yake akae. Inachukua dakika kadhaa, hamna haraka. Na mfanye mazoezi ya hili siku ambayo hajaanguka, kwenye godoro.

Kuchua na mafuta ya moto sehemu iliyovimba bila picha ya eksirei ni hapana. Mfupa uliopasuka kidogo unaweza kuhamishwa na mchuaji ukawa kazi ya upasuaji.

Nyonga imevunjika, ndugu wanasema ana miaka 80 asipasuliwe, avutwe tu mguu kwa uzito wa mawe akiwa kitandani.

Ndugu wanaogopa upasuaji, ila kitanda kinaua pia. Wiki sita au zaidi mgongoni zinaleta vidonda vya mgongo, nimonia, damu kuganda miguuni. Upasuaji kwa wengi ndo njia salama zaidi, na inatakiwa ufanyike mapema, ndani ya saa 48 ikiwezekana, halafu kesho yake tu akalishwe na kusimamishwa. Kwa hiyo msipoteze wiki kwenye kikao cha ukoo. Hospitali za rufaa kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza zinafanya. Umri wenyewe sio kizuizi, kizuizi ni moyo, mapafu na hali aliyokuwa nayo kabla, na hayo yanapimwa. Kabla hamjasema hapana, muulizeni yeye kama akili ipo.

Gharama je?

Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60 na inataka asiye na uwezo atibiwe bure vituo vya serikali. Kitambulisho cha matibabu bure kinaanzia serikali ya mtaa au kijiji na ustawi wa jamii wa halmashauri, fuatilieni kabla hajaumwa. Hospitali yenyewe ina ofisi ya ustawi wa jamii, msamaha unaombwa pale. Vyuma vya upasuaji ulizeni mapema vinalipiwaje, ndo vinavyowashtua watu. Zanzibar kuna pensheni jamii kuanzia miaka 70, ilianza Aprili 2016, na Kenya kuna posho ya serikali ya Inua Jamii kwa wa miaka 70 kwenda juu, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Hazijengi bafu, lakini kishikio na mkeka wa mpira vinatoka hapo.

Tangu aanguke hataki kutoka nje kabisa.

Woga wenyewe unaangusha. Anakaza mwili, anapiga hatua fupi fupi za kuburuza, anaacha kutembea, misuli inaisha, anaanguka kweli. Usimwambie "usiogope", haisaidii. Anza na kitu kidogo anachokitaka yeye: mpaka barazani, kesho mpaka getini, wiki ijayo mpaka kwa rafiki yake, mtu akitembea pembeni, nusu hatua nyuma, bila kumshika labda aombe. Na nyie nyumbani punguzeni ile ya kumsimulia kila mgeni jinsi alivyoanguka, akiwa amekaa hapo hapo anasikiliza.

Bibi anaishi peke yake shamba na hataki kuhama. Tumlazimishe?

Mimi ningesema hapana kama akili yake iko sawa na anajipikia. Fanyeni pale alipo pawe salama. Simu ya batani yenye chaji ndefu, ivaliwe shingoni kwenye kifuko na sio kuwekwa kabatini kwenye kitambaa, namba tatu zipigike kwa kubonyeza batani moja. Patana na jirani ishara: dirisha la jikoni likiwa halijafunguliwa saa mbili asubuhi, aje agonge, na huyo jirani awe na ufunguo wa akiba na mumkumbuke kwa kitu kila mkija. Vitu vya kila siku vishuke kutoka darini na kwenye rafu za juu viwe usawa wa kiuno, asipande stuli kutafuta sufuria. Maembe na parachichi achume mtoto wa jirani, nusu achukue yeye. Maji aletewe kwenye madumu ya lita 5 badala ya 20. Mtungi wa maji ya kunywa na kamba ya kuanikia nguo viwe upande ule ule wa uwanja wenye kivuli, na mbwa afungwe wakati anaanika.